Kufundisha Stadi za Mikono: Mafunzo Kutoka kwa Wapasuaji wa Mtoto wa Jicho

1. Utangulizi

Sehemu kubwa ya kazi ya mwalimu wa shule ya msingi ni kuifundisha mikono. Mtoto hujifunza kushika kalamu, kuumba herufi, kupiga mstari kwa rula, kuchora duara kwa bikari, kushona kifungo na kupanda mbegu kwa nafasi zilizo sawa. Hata hivyo, aghalabu stadi hizi hufundishwa kama yanavyofundishwa majina ya milima na mito: mwalimu hueleza, wanafunzi huitikia, kisha hutolewa zoezi. Anayeshindwa huambiwa aongeze bidii, wala haulizwi ni hatua ipi iliyomshinda.

Katika makala hii tutaitazama kazi moja ya mikono ambayo wakufunzi wake wamelazimika kufikiri kwa makini sana juu ya namna ya kuifundisha. Kazi hiyo ni upasuaji wa mtoto wa jicho. Madhumuni si kumfanya mwanachuo awe tabibu. Madhumuni ni kuzitambua kanuni za ufundishaji zinazoonekana wazi pale ambapo kosa la mwanagenzi huweza kumgharimu mtu mwingine uwezo wake wa kuona, na kisha kuzipeleka kanuni hizo darasani.

2. Kazi yenyewe

Nyuma ya mboni ya jicho kuna lenzi, ambayo kwa kawaida huwa angavu kama maji safi. Lenzi hiyo ikifanya ukungu, mwanga haupiti vema, na mtu huona kama anayetazama kupitia kioo chenye mvuke. Hali hiyo ndiyo iitwayo mtoto wa jicho, nayo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuleta upofu. Haina dawa ya kumeza wala ya matone. Tiba yake ni kuitoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya bandia mahali pake. Daktari Harold Ridley wa Uingereza ndiye aliyeweka lenzi ya bandia ya kwanza, mjini London, mwaka 1949.

Katika nchi zetu njia inayotumika sana ni ile ya tundu dogo lisilohitaji kushonwa. Mpasuaji hukata njia nyembamba katika weupe wa jicho, yenye upana wa milimita 6 au 7 hivi, na kuipitisha kwa mshazari hata iingie ndani ya jicho. Hufungua utando wa mbele wa kifuko cha lenzi, hukitoa kiini kilichokuwa kigumu, husafisha mabaki, kisha huiweka lenzi mpya ndani ya kifuko kile kile. Njia ile ikiwa imekatwa sawasawa, hujifunga yenyewe kwa shinikizo la ndani ya jicho.

Ugumu wa kazi hii umo katika udogo wake. Utando wa nyuma wa kifuko cha lenzi, unaotakiwa kubaki mzima, una unene wa takriban sehemu 4 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko huo mara nyingi. Utando huo ukipasuka, ute ulio nyuma yake huweza kusogea mbele, lenzi mpya hukosa pa kukaa vizuri, na huenda mgonjwa asipate kuona kama ilivyotarajiwa. Mpasuaji hufanya yote hayo akitazama kwa hadubini, mikono yote miwili ikiwa kazini.

3. Desturi ya zamani na kasoro yake

Kwa muda mrefu mafunzo ya upasuaji yalifuata desturi inayoelezwa kwa maneno machache: tazama moja, fanya moja, fundisha moja. Mwanagenzi alisimama kando ya bingwa, akatazama, na siku ilipowadia akakabidhiwa kisu.

Desturi hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba kutazama si kuona. Bingwa amekwisha kuizoea kazi hata hatua zake zimeungana kama maji ya mto. Mwanagenzi huona mkono unakwenda, lakini hajui ni wapi bingwa alipopunguza nguvu wala kwa nini alisita. Ya pili ni kubwa zaidi. Mwanagenzi hufanya makosa yake ya mwanzo, ambayo hayana budi kutokea, juu ya jicho la mtu. Mgonjwa mmoja hulipa gharama ya elimu itakayowafaa wagonjwa wengine.

4. Namna inavyofundishwa

Wakufunzi wa fani hii wameyakabili matatizo hayo kwa njia ambazo yafaa tuzichunguze moja moja.

(a) Kuigawa kazi. Upasuaji mzima hugawanywa katika hatua ndogo zenye majina. Kipo kipimo kimoja cha mazoezi ya upasuaji huu chenye vipengele 20, kila kimoja kikipewa alama kuanzia 0 hadi 2, jumla 40. Mwanagenzi haambiwi kwamba hajui kupasua. Huambiwa kwamba njia yake imekatwa juujuu mno, au kwamba chombo amekishika vizuri lakini amekiingiza kwa pembe isiyofaa. Kosa likiwa na jina, huweza kurekebishwa.

(b) Kufanya mazoezi juu ya vitu kwanza. Kabla ya kumgusa mgonjwa, mwanagenzi hukata juu ya vitu visivyoumia. Tufaha hufaa kwa kujifunza kukata njia ya mshazari, kwa kuwa ganda na nyama yake huonyesha mara moja kama kisu kimezama mno. Ngozi laini ya nyanya hufaa kwa kujifunza kufungua utando. Hutumika pia macho ya mbuzi kutoka machinjioni, na macho ya bandia yaliyoundwa kwa kazi hiyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila kifaa huchaguliwa kwa ajili ya hatua maalumu. Tufaha halifanani na jicho, lakini hufundisha jambo moja la jicho, na hilo latosha.

(c) Kuonyesha kwa hatua nne. Utaratibu huu ulielezwa na daktari mpasuaji Rodney Peyton mwaka 1998, nao umeenea sana katika mafunzo ya utabibu. Kwanza, mkufunzi huifanya kazi kwa mwendo wake wa kawaida bila kueleza, ili mwanagenzi apate picha nzima. Pili, huirudia polepole akieleza kila hatua na sababu yake. Tatu, mwanagenzi hueleza, na mkufunzi hufanya yale tu anayoambiwa. Nne, mwanagenzi hufanya mwenyewe huku akieleza. Hatua ya tatu ndiyo ambayo walimu wengi huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa. Hapo mkufunzi hugundua kile ambacho mwanagenzi hajakielewa kabla mkono haujakosea.

(d) Kuanza na iliyo rahisi, hata kama ni ya mwisho. Si lazima mwanagenzi aanze pale kazi inapoanzia. Mkufunzi huweza kufanya hatua ngumu mwenyewe, akamwachia mwanagenzi kuiweka lenzi mpya na kusafisha jicho. Akiimudu hatua hiyo, huongezewa ile iliyoitangulia. Kwa njia hii mwanagenzi huimaliza kazi kila siku, akauona mwisho wake mwema, na hatari hubaki mikononi mwa aliyezoea.

(e) Kuchunga ulimi. Katika upasuaji huu mgonjwa mtu mzima kwa kawaida hutiwa ganzi ya jicho tu. Husikia yote yanayosemwa. Mkufunzi akipaza sauti ya mshtuko au ya karipio, mgonjwa huogopa na huenda akatikisika, naye mwanagenzi hutetemeka. Kwa hiyo mkufunzi na mwanagenzi hupatana mapema juu ya maneno machache: neno la kusimamisha mkono, neno la kuondoa chombo, neno la kupisha ili mkufunzi ashike. Maelezo marefu na masahihisho hungoja hadi mgonjwa ametoka.

5. Ushahidi

Je, mazoezi hayo yana faida kweli, au ni kupoteza muda? Swali hilo lilipimwa katika utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Madaktari 50 waliokuwa wakisomea utabibu wa macho katika nchi za Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa siku 5 za mazoezi makali ya upasuaji wa mtoto wa jicho juu ya vitu na macho ya bandia, pamoja na mafunzo yao ya kawaida. Kundi la pili liliendelea na mafunzo ya kawaida, na mazoezi kama hayo likapewa baada ya mwaka.

Katika mwaka uliofuata, kila mmoja wa waliofanya mazoezi aliwapasua wagonjwa 21.5 kwa wastani akiwa mpasuaji mkuu, na wenzao wa kundi la pili 8.5. Pamoja na kufanya kazi nyingi zaidi, walikosea mara chache zaidi. Utando wa nyuma ulipasuka katika asilimia 7.8 ya kazi za kundi la kwanza, na katika asilimia 26.6 ya kazi za kundi la pili. Mwanachuo na azitafakari tarakimu hizo. Walimu wa makundi yote mawili walikuwa mabingwa, na wanagenzi wote walikuwa madaktari kamili. Kilichowatofautisha ni mahali walipofanyia makosa yao ya mwanzo.

6. Matumizi darasani

Tuchukue mfano wa kuchora duara kwa bikari. Mwalimu asiyejiandaa huchora ubaoni na kusema, "Haya, chora kama nilivyochora." Mwalimu aliyezingatia kanuni hizi kwanza huigawa kazi: kupima nusu kipenyo kwa rula, kukita ncha mahali pamoja, kushika bikari kwa kichwa chake, kuizungusha bila kuikandamiza. Huonyesha kimya, kisha kwa maelezo. Halafu husimama ubaoni na kuwaambia wanafunzi wamwongoze, naye hufanya kila wasemalo, hata likiwa si sahihi. Wakisema "zungusha" kabla ya kusema "kita ncha", bikari itateleza mbele ya macho yao, na somo litakuwa limefundishwa bila karipio. Hapo ndipo wanafunzi huchukua bikari zao.

Kanuni ya kuanza mwishoni hufaa sana katika ushonaji. Mtoto anayeshona kifungo kwa mara ya kwanza huchoka kabla hajafika popote. Mwalimu na atunge uzi na kupiga mishono karibu yote, amwachie mtoto mshono wa mwisho na fundo. Kesho mtoto huanza mishono miwili mapema zaidi. Kila siku hutoka na kifungo kilichokaza.

Kanuni ya kuchunga ulimi inahusu masomo yote. Mtoto anayesomeshwa kwa sauti mbele ya wenzake husikia mguno wa mwalimu hata kabla ya neno la kusahihishwa. Darasa nalo husikia, na hukumu hubaki juu ya mtoto kuliko juu ya kosa.

7. Tahadhari

Mfano wowote ukivutwa kupita kiasi hukatika. Mpasuaji hukwepa kosa kwa kila njia kwa sababu jicho halina ufutio. Daftari linao. Mwalimu asiyependa kuona kosa lolote katika daftari la mtoto atakuwa ameiga hofu ya chumba cha upasuaji mahali isipohitajika. Daftari na ubao wa mtoto ndilo tufaha lake; hapo na akosee kwa amani.

Liko hata hivyo jambo moja ambalo halina ufutio darasani. Mtoto husoma Darasa la Kwanza mara moja. Mwanachuo anapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, yeye mwenyewe ndiye mwanagenzi, na watoto 50 au zaidi walio mbele yake si vifaa vya kujifunzia. Kwa hiyo maonyesho ya masomo tunayofanyiana hapa chuoni, ambayo baadhi ya wanachuo huyaona kuwa mchezo wa kuigiza, yana uzito ule ule wa tufaha na jicho la bandia. Swali lililoulizwa vibaya mbele ya wenzio chuoni halimdhuru mtu. Likiulizwa vibaya mbele ya watoto kwa muhula mzima, wapo watakaoamini kwamba hesabu haikuumbwa kwa ajili yao.

8. Maswali na kazi za kufanya

1. Chagua stadi moja ya mikono inayofundishwa katika Darasa la Kwanza au la Pili. Igawe katika hatua zisizopungua sita, na andika kosa moja linaloweza kutokea katika kila hatua.
2. Tengeneza kipimo chenye alama 0, 1 na 2 kwa kila hatua uliyoitaja. Mpe mwenzako akitumie kukupima wewe mwenyewe ukiifanya kazi hiyo.
3. Taja kitu kipatikanacho bila gharama katika mazingira ya shule kinachoweza kumsaidia mtoto kuifanyia mazoezi hatua moja ya stadi hiyo. Eleza kinafundisha nini na hakifundishi nini.
4. Katika vikundi vya watu wanne, fundishaneni stadi hiyo kwa hatua nne zilizoelezwa. Kikundi kieleze ni mambo gani yaliyogunduliwa katika hatua ya tatu.
5. Jadilini: Ni makosa gani ya mwalimu mwanagenzi yanayopasa kumalizikia chuoni kabla hajakabidhiwa darasa?