Lita 8 kwa Siku: Somo la Mana Jangwani



Somo la kutafakari: Kutoka 16:13-21

Waisraeli walikuwa jangwani, wana njaa, wananung'unika. Mungu akawapa mana, ila kwa sharti: kila mtu aokote ya kumtosha siku hiyo, kipimo cha omeri moja kwa kichwa. Walioficha ya kesho waliikuta asubuhi imeingia funza. Na ilipopimwa, hakukuwa na aliyezidi wala aliyekosa.

Kwa nini Mungu awapimie watu wenye njaa? Mwanzoni mwa Kwaresima mwaka jana, familia yetu ilionja jibu kidogo.

Tunaishi Phoenix, Arizona. Baba aliazima trela la kulala, yaani kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari. Huku Marekani kambi nyingi zina mahali pa kuchomeka umeme, bomba la maji na la majitaka. Sisi, kwa mara ya kwanza, tulikwenda pasipo na kitu. Ilikuwa ardhi ya umma jangwani, chini ya Bureau of Land Management, ambako kwa kawaida unaruhusiwa kukaa hadi siku 14. Huko ulichobeba ndicho ulicho nacho.

Tangi la maji lilikuwa la galoni 40, kama lita 151. Tulikuwa watu sita, pamoja na shangazi na mtoto wake wa miezi minne, kwa siku tatu. Ukigawanya, ni lita 8 na kidogo kwa mtu kwa siku. Bomba la kuogea la nyumbani linaweza kumwaga hadi lita 9 kwa dakika moja! Yaani fungu lako la siku nzima halitoshi hata dakika ya kuoga. Maji ya kunywa tulibeba kando kwenye madumu.

Nilijifunza mambo matatu.

1. Tangi ni moja

Nyumbani nikifungulia maji, simwoni ninayempunguzia. Kwenye trela namwona: ni mama anayetaka kuosha sufuria ya maharage ya Ijumaa, ni shangazi mwenye nguo za mtoto. Nadhani ndiyo sababu mana ilipimwa. Mungu hakuwa bahili. Alikuwa anawafundisha kuonana. Papa Fransisko aliandika katika Laudato Si' (2015) kwamba maji safi ni haki ya kila mtu. Basi dunia nayo ni tangi moja.

2. Nani kwanza?

Usiku wa pili baridi ilikuwa kali. Hita ya trela inatumia gesi, lakini feni yake inakula betri, na betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Tulikuwa tumebakiza kama asilimia 60. Jiko la gesi si la kupashia chumba joto: hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Baba akasema, "Wanangu, hatuwezi kuwasha kila kitu."

Kaka yangu alikuwa katikati ya filamu kwenye kompyuta. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliichomoa, akazima taa, akampa shangazi blanketi lake, akalala na koti. Hita tuliiweka chini kabisa, kwa ajili ya mtoto. Asubuhi mtoto aliamka anacheka. Jamani, sadaka ya Kwaresima ndiyo hiyo: kupunguza changu ili mdogo asitetemeke.

3. Uchafu nao una hesabu

Majitaka yanakaa kwenye matangi yake, na yakijaa safari imeisha. Humwagi porini, unayabeba mwenyewe mpaka kituo maalum cha kumwagia. Ndivyo ilivyo dhamiri pia. Tunayabeba mpaka kitubio, na huko Padre anatungoja. Kwa nini kungoja mpaka yafurike?

Jumapili tulifungasha mapema tukawahi Misa mjini. Injili ilikuwa ya Yesu kujaribiwa jangwani. Nikawaza: Yeye angeweza kujipatia kila kitu kwa neno moja, akakataa, akamtegemea Baba.

Zoezi la wiki hii

Huhitaji trela. Chagua kitu kimoja unachotumia bila kuhesabu: maji, bando, pesa ya vitafunio. Kipimie kwa siku saba. Kinachobaki mpe mtu unayemjua kwa jina.

Maswali ya kutafakari

- Nani nyumbani kwetu anapungukiwa mimi ninapozidisha?
- Ni "mana" gani ninaificha kwa hofu ya kesho?

Tusali: Ee Baba, utupe ya leo, na utufumbue macho tumwone tunayeshiriki naye tangi moja. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.