SOMO LETU: MITAMBO MINGI, GHALA MOJA



Katika somo hili tutaeleza jinsi mitambo iliyo ndani ya simu inavyotumia kumbukumbu moja kwa pamoja. Wengine watauliza, jambo hili linatuhusu nini sisi wa mashamba na viwanda? Linatuhusu. Mashine nyingi zinazoletwa kazini siku hizi zina kompyuta ndani yake, na mfanyakazi asiyeelewa mashine huambiwa lolote akakubali.

Ndani ya simu kamera hupiga picha, mtambo wa michoro huichora upya, na mtambo wa kioo huionyesha. Msimamizi wao ni kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta. Huyo ndiye mgawaji wa kumbukumbu. Simu za Android hutumia kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991.

HASARA YA KUNAKILI

Picha ya nukta 1,920 kwa 1,080, kila nukta ikichukua baiti 4, ni baiti 8,294,400. Sinema ya picha 60 kwa sekunde ni karibu baiti milioni 500 kila sekunde. Kama kila mtambo una ghala lake, mzigo wote huo hunakiliwa kutoka ghala hadi ghala. Ni sawa na kiwanda cha chai ambamo majani hubebwa mgongoni huku na huko bila kusindikwa. Jasho linatoka, chai haiongezeki. Katika simu, jasho hilo ni betri.

Makampuni yalikuwa na njia zao mbalimbali, zisizoelewana. Machi 2012, Linux 3.3 ilitoka na njia moja ya wote, iitwayo dma-buf, iliyoletwa na Sumit Semwal.

UTARATIBU WAKE

1. Programu inayoendesha mtambo mmoja hutoa sehemu ya kumbukumbu ili wengine waitumie.

2. Anayehitaji hapewi nakala ya picha. Hupewa namba, mfano wa stakabadhi ya ghala. Asiye na stakabadhi haingii.

3. Kila mtambo hujiandikisha kwanza, ili mzigo uwekwe mahali ambapo wote waliojiandikisha wanaweza kuufikia.

4. Kuna alama iitwayo fensi, iliyoingizwa katika Linux 3.17 mwaka 2014. Husema: kazi haijaisha, ngoja. Bila hiyo, kioo kingeweza kuonyesha picha iliyochorwa nusu.

5. Watumiaji huhesabiwa. Ghala hufunguliwa kwa kazi nyingine baada ya wa mwisho kurudisha stakabadhi. Mmoja akizoea kutorudisha, kumbukumbu hujaa na wote hukwama.

MZOZO WA 2012

Mwaka huo huo, mhandisi wa kampuni ya NVIDIA aliomba milango ya dma-buf ifunguliwe pia kwa programu ya kampuni hiyo, ambayo maandishi yake yalikuwa siri. Milango hiyo ilikuwa imewekewa alama ya leseni ya GPL. Leseni hiyo husema: ukisambaza kazi iliyojengwa juu ya kazi hii, toa na maandishi yake kwa masharti yale yale. Baadhi ya waandishi wa kerneli, akiwemo Alan Cox, walikataa. Walikuwa wametoa kazi yao kwa masharti hayo, na hawakukubali yabadilishwe kwa ajili ya mmoja. Alama ilibaki. Mei 2022, NVIDIA ilitoa hadharani maandishi ya programu zake za kerneli, kwa leseni za MIT na GPL. Hatusemi kwamba mzozo huo peke yake ndio ulioleta jambo hilo.

Tunachojifunza ni hiki: mali ya pamoja hudumu kwa sababu ya masharti yanayomfunga kila mtumiaji, mkubwa na mdogo.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Kwa nini kupeana namba ni bora kuliko kunakili picha?
2. Mtumiaji mmoja asiporudisha, nani anaumia?
3. Je, vifaa vya pamoja kazini kwetu vina masharti? Nani aliyatunga?