SOMO LETU: NENO "SIJAELEWA"



Mara hii hatuzungumzi juu ya mshahara. Tunazungumza juu ya neno moja ambalo wengi wetu tunaogopa kulitamka kazini, nalo ni "sijaelewa".

Hapa Uganda, katika mstari mmoja wa wakata miwa utamkuta Msoga, Mlugbara, Mganda na Mnyarwanda. Mkubwa anatoa amri kwa Kiingereza, nyapara anaigeuza mbiombio, kisha anauliza, "Mmeelewa?" Wote wanaitika, "Ndiyo, bwana!" Hata aliyeshika nusu tu anaitika, maana anaogopa kuchekwa. Ni woga, sisi tunauita heshima.

Mfikirie mpiga dawa ya magugu. Ameelezwa kipimo cha kuchanganya, na kwamba avae glavu na buti. Hakusikia vizuri, akasema ndiyo. Dawa ikimwingia machoni, mkubwa atasema, "Nilimwambia, akakubali." Na karatasi ni vilevile. Ukiisha kutia sahihi au kidole gumba, ni kazi ngumu kueleza baadaye kwamba hukujua kilichoandikwa.

Heshima si kunyamaza. Unaweza kusimama vizuri na kusema kwa sauti ya kawaida: "Samahani mzee, sijaelewa. Naomba unieleze tena, nami nikurudishie maneno kama nilivyoyasikia." Huko kurudisha maneno ndiko kunakoonyesha kosa mapema. Lakini usipige kelele mbele ya watu; mkubwa akiona aibu atajibu kwa hasira, na swali lako litapotea. Tena uliza siku ileile. Swali la wiki iliyopita huonekana kama ugomvi.

Sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kuamua kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbaya, amweleze sababu kwa lugha anayotazamiwa kuielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa pamoja na mtu aliyemchagua mwenyewe, nao wapewe muda wa kujitayarisha. Wenzetu wa Kenya wana kifungu kama hicho katika sheria yao ya mwaka 2007. Sasa, utaipataje haki hiyo kama umeulizwa, "Umeelewa?" nawe ukaitika ndiyo ili utoke ofisini upesi?

Na nyumbani je? Mama anauliza mshahara umekatwa nini, baba anajibu, "Hayo hayakuhusu." Watoto wanasikia, wanajifunza kutouliza.

Kazi ya somo hili ifanyike katika mkutano wa tawi. Kaeni wawili wawili, mmoja awe nyapara, mwingine aulize mpaka aelewe, kisha mbadilishane. Kila kundi lilete karatasi moja ya makato ya mshahara. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake, mstari kwa mstari, na mwakilishi wa chama asikilize kila swali bila kucheka.