Dondoo muhimu: Mzazi anapokwenda nawe kutazama futiboli ya Kimarekani ya chuo

Mama au baba amekutembelea Ann Arbor, na Jumamosi Chuo Kikuu cha Michigan kinacheza nyumbani. Kabla hamjatoka:

• Tiketi: Epuka jukwaa la wanafunzi, huko watu husimama mechi nzima.

• Kiti: Uwanja huchukua watu 107,601, wengi wao kwenye mabenchi yasiyo na egemeo. Uliza mapema kama mto wa kukalia unaruhusiwa.

• Muda: Mchezo ni dakika 60, lakini saa husimamishwa kila mara. Tengeni zaidi ya saa tatu.

• Mavazi: Novemba baridi huuma. Mvishe koti zito, kofia na glavu.

• Mkoba: Someni masharti ya uwanja kwanza, hasa kama mzazi anabeba dawa.

• Kanuni: Mweleze kwa ufupi: timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, yaani takriban mita 9. Kuufikisha eneo la mwisho ni pointi 6.

• Mapumziko: Nunueni chakula mapema, ili msikose bendi ya chuo inayotumbuiza wakati huo.

• Kutoka: Msigombanie mlango. Kubalianeni pa kukutania mkipotezana.