Tembe za kusafishia meno bandia: Je, viini hufa?

WATU wengi wanaovaa meno bandia huamini kwamba wakishayatumbukiza katika maji yenye tembe ya kusafishia, kazi imekwisha. Maji hutoa povu, meno hung'aa na harufu mbaya hupotea. Lakini kung'aa si kutakata. Viini vya magonjwa huenda vingali vimo.

Meno mengi ya bandia hutengenezwa kwa plastiki iitwayo akriliki. Kwa macho huonekana laini, kumbe ina vishimo vidogo mno. Humo hujificha bakteria na kuvu, hasa ile iitwayo Candida albicans. Viini hivi havikai kimoja kimoja. Hushikamana na kujifunika kwa utando, ule utelezi unaouhisi ukipitisha kidole juu ya meno ambayo hayajaoshwa. Utando huo huvikinga dhidi ya dawa.

Madhara yake ni nini? Kwanza ni ugonjwa wa kaakaa. Sehemu iliyofunikwa na meno bandia ya juu huwa nyekundu na pengine kuvimba. Mara nyingi haiumi, kwa hivyo mtu huenda asijue mpaka aelezwe na daktari wa meno. Akipewa dawa ya kuua kuvu lakini meno yenyewe yasisafishwe, ugonjwa hurudi.

Pili ni hatari kwa mapafu, hasa kwa wazee. Mtu akiwa usingizini, mate yenye viini yanaweza kuteremka mapafuni. Utafiti uliofanywa Japani kwa wazee 524 wa umri wa miaka 85 na zaidi, na kuchapishwa mwaka wa 2015, ulionyesha kwamba waliolala na meno bandia kinywani walikabiliwa na hatari ya nimonia takriban mara mbili ya wenzao.

Sasa tembe hufanya nini? Zikiingia majini hutoa hewa ya oksijeni. Povu hulegeza uchafu na madoa, na oksijeni huua baadhi ya viini. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba viini hupungua, lakini ni nadra kwisha kabisa, hasa utando ukiwa mzito. Ndiyo sababu madaktari husisitiza njia mbili kwa pamoja: kusugua, kisha kuroweka. Mswaki huvunja utando, nayo dawa hupata nafasi ya kuvifikia viini.

Fuata hatua hizi kila siku:

1. Baada ya kula, toa meno na uyasuuze. Weka maji katika beseni au tandika taulo chini, ili yakianguka yasivunjike.

2. Yasugue pande zote, hasa upande unaogusa ufizi, kwa mswaki laini na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Dawa ya kawaida ya meno ina chembe zinazokwaruza akriliki, na mikwaruzo huwa maskani mapya ya viini.

3. Roweka katika maji yenye tembe kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha suuza vizuri sana kabla ya kuvaa.

4. Usiku lala bila meno hayo. Yaweke ndani ya maji safi ili yasikauke na kupinda.

Asiyemudu tembe asikate tamaa, kwa maana mswaki na sabuni hufanya sehemu kubwa ya kazi. Dawa ya kung'arisha nguo kama Jik pia huua kuvu. Ile ya nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Usizidishe dakika 10, na usuuze kabisa. Usiitumie kamwe kwa meno yenye chuma, kwani chuma huliwa.

Usitumie maji yanayochemka, kwani akriliki hupinda. Tembe zisitiwe kinywani wala kumezwa. Ziwekwe mbali na watoto. Ukiona mwasho, uvimbe au shida ya kupumua baada ya kuzitumia, acha mara moja na umwone daktari. Kemikali iliyomo katika baadhi yake huwadhuru watu wachache.

Kama una mzazi au nyanya asiyeona vizuri au ambaye mikono yake inatetemeka, msaidie kuyaosha kila jioni. Na hata kama meno hayakusumbui, muone daktari wa meno mara moja kwa mwaka.