Paka ni Tohara; Kiroboto Je?

Ametuandikia ndugu mmoja, mwalimu aliyeko Asumbi katika kaunti ya Homa Bay. Asema watoto wake hushikwa na homa mara kwa mara, wakipimwa malaria haionekani, na nyumbani mna paka watatu ambao hulala nao kitanda kimoja. Jirani yake amwambia kuwa homa hiyo yatoka kwa paka. Yeye ajibu kuwa haiwezekani, kwani paka ni tohara kwa kauli ya Mtume (s.a.w.). Atuuliza nani mwenye haki.

Twaona kuwa kila mmoja ameshika upande mmoja wa jambo. Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) aliwafundisha masahaba kuwa paka si najisi, bali ni katika wenye kutuzungukia majumbani. Kwa hivyo maji aliyoyanywa paka yafaa kutawadhia. Lakini hukumu hiyo ni ya ibada; haikusema kuwa paka hachukui mdudu mwilini mwake. Maji ya mto nayo ni tohara, na ni mara ngapi watu wameyanywa wakapatwa na kipindupindu!

Sisi watu wa pwani twajihadhari sana na mbwa kwa ajili ya mate yake, na chombo alichokiramba twakiosha mara saba, moja kwa mchanga. Kisha twalala na paka pasi na kuuliza neno. Amma kiroboto hajui madhehebu. Yule aitwaye kiroboto wa paka ndiye aghalabu akaaye juu ya mbwa pia. Hunywa damu ya mbwa uani, akamrukia paka, akaingia naye hadi chumbani. Tangu 1898, tabibu wa Kifaransa Paul-Louis Simond alipoonyesha huko Karachi kuwa kiroboto ndiye mchukuzi wa tauni kutoka kwa panya, mdudu huyu si wa kudharauliwa.

Na khabari imfaayo ndugu yetu imetoka karibu naye, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, mahali paitwapo Asembo (asipachanganye na Asumbi, majina tu yafanana). Baina ya 2007 na 2010 wataalamu walizichunguza damu za wagonjwa wa homa waliofika hospitali. Katika damu zilizokuwa zimehifadhiwa, zaidi ya nusu zilikuwa na alama kwamba wenyewe walikwisha kuingiwa na vijidudu vya jamii ya rikesia. Na kile kiitwacho Rickettsia felis, ambacho huishi katika kiroboto wa paka, kilionekana kwa wenye homa kiasi cha mara mbili kuliko kwa wasio na homa. Viroboto wa mbwa na paka wa huko wakakutwa pia na rikesia nyingine isiyojulikana kabla, nayo 2016 ikaitwa kwa jina la mahali hapo, Rickettsia asembonensis.

Homa ya rikesia huja kama malaria: mwili moto, kichwa, maungo kuuma, pengine na vipele. Dawa ya malaria haiiondoi. Doksisiklini huiondoa, lakini ni tabibu wa kuiandika, si muuza duka. Hapa ndipo penye khatari, kwamba kila homa twaiita malaria, twanunua vidonge, na siku zapita mgonjwa yu kitandani. Mwalimu wetu awapeleke watoto hospitali, na tena amweleze tabibu khabari ya paka na viroboto, kwani asipoambiwa huenda asiulize.

Kuna na ugonjwa wa mkwaruzo. Ule ungaunga mweusi katika manyoya ya paka ni kinyesi cha kiroboto, na ndani yake huweza kuwamo kijidudu Bartonella henselae. Paka ajikunapo huingia chini ya kucha, naye akimkwaruza mtoto, baada ya wiki moja au zaidi mitoki ya kwapani huvimba. Aghalabu hupoa wenyewe, ila kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu huwa mzito. Watoto wa paka ndio wa kuchungwa zaidi.

Kung'atwa ni kubaya kuliko kukwaruzwa. Meno ya paka ni membamba kama sindano. Tundu laonekana dogo, na vijidudu vimekwisha kwenda ndani, hata mkono ukavimba kabla ya kesho yake. Jeraha la paka au mbwa lioshwe kwa sabuni na maji yapitayo kwa muda wa robo saa, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani kuna na khofu ya kichaa cha mbwa, nacho paka hukipata vilevile.

Asije mtu akasema basi tuwatupe paka. Twaijua khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka asimlishe wala asimwache ajitafutie. Tena kumtupa paka hakumalizi viroboto, maana walio wengi hawako mwilini mwake. Mayai huanguka mkekani na katika nyufa za sakafu, na mabuu hukulia vumbini. Basi pafagiliwe hata chini ya vitanda, magodoro yaanikwe juani, na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Paka wapewe dawa ya viroboto kutoka kwa tabibu wa mifugo, na watoto walale peke yao. Dawa ya kuogeshea ng'ombe asipakwe paka kabisa, wala ile ya mbwa yenye permethrini, kwani humuua.