Mgeni Akiomba Hifadhi: Haki Zake, Wajibu Wake na Kazi ya Kijiji

Wakazi wa Maguu, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi wanaishi katika pembe ya nchi inayopakana na Msumbiji na kutazamana na Malawi ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Mtu anayekimbia kuokoa maisha yake hafikii kwanza Dodoma wala ofisi ya Umoja wa Mataifa. Hufikia shambani kwa mtu, kwenye mwalo wa wavuvi, au kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kwa hiyo mwananchi wa huku anapaswa kuijua sheria ya hifadhi kama anavyoijua sheria ya ardhi.

Wazee wanaikumbuka historia ya wakimbizi waliofika huku. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, maelfu ya watu walivuka kuja kusini mwa Tanzania. Serikali iliwapa makazi, yakiwemo ya Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, na ya Muhukuru, Songea. Huko walilima na watoto wao walisoma, na Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 wengi walirudi kwao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko baadaye, wakimbizi walikuja tena mkoani Ruvuma, hadi amani iliposainiwa mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992.

Nani anaomba hifadhi?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini, uraia, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliongeza wanaokimbia vita, uvamizi na machafuko makubwa. Tanzania imeridhia mikataba yote miwili, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inabeba maana zote hizo.

Mwomba hifadhi ni yule ambaye ameomba kutambuliwa lakini bado hajajibiwa. Mfanyabiashara aliyevuka kutafuta soko, au kijana anayepita kwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, anaongozwa na sheria za uhamiaji. Hata hivyo, si kazi ya jirani kuamua nani ni nani. Msafiri yeyote anayesema anaogopa kurudishwa kwao afikishwe kwa wenye mamlaka ili asikilizwe.

Siku 7 za mwanzo

Sheria inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie nchini. Anaweza kujitokeza kwa ofisa aliyeidhinishwa, kwa mlinzi wa amani, au kwa ofisa mtendaji wa kijiji. Watunga sheria walijua kwamba mpakani ofisi iliyo karibu ni ya kijiji.

Akijitokeza kwa wakati, hapaswi kushitakiwa wala kufungwa kwa sababu tu aliingia bila kibali. Akikaa kimya siku zikapita, anajiweka katika kosa. Kumficha mgeni kwa huruma kunamgharimu: kila siku anayolala ghalani bila kuripoti inapunguza ulinzi wake mbele ya sheria.

Mgeni wa namna hii akifika kwako, fanya hivi:

1. Mpe maji, chakula na mahali pa kupumzika. Aliyejeruhiwa, mjamzito au mtoto mgonjwa aanzie zahanati au kituo cha afya.
2. Mpeleke kwa mtendaji wa kijiji mapema. Kama hajui Kiswahili, tafuteni anayejua lugha yake.
3. Mtendaji aandike jina lake, alikotoka, tarehe aliyoingia na watu aliofuatana nao, kisha atoe taarifa wilayani, polisi na Uhamiaji.
4. Mtoto aliyefika peke yake aripotiwe pia kwa ofisa ustawi wa jamii. Asigawiwe kwa mtu yeyote anayejitolea kumchukua.
5. Msimpige picha wala kusambaza habari zake kwenye simu, na msiwapigie watu wa kwao kuwaeleza alipo. Huenda anaowakimbia ndio watakaopata habari hizo.

Haki zake

Haki kubwa kuliko zote ni kutorudishwa mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Mkataba wa mwaka 1969 unakataza hata kumzuia mpakani kwa namna itakayomlazimu kurudi kwenye hatari hiyo.

Ana haki ya kusikilizwa. Ombi lake hushughulikiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kupitia Idara ya Huduma za Wakimbizi, na sheria imeunda kamati ya taifa ya kuchambua maombi. Akikataliwa, awahi kumwomba Waziri shauri lake liangaliwe upya. Anaweza pia kuwasiliana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR.

Mtoto mkimbizi ana haki ya elimu ya msingi. Familia zinapaswa kulindwa zisitenganishwe. Na amani ikirejea kwao, kurudi kunapaswa kuwa kwa hiari.

Wajibu wake

Haki hizo zinakwenda na wajibu. Mwomba hifadhi lazima aseme kweli kuhusu jina lake, uraia wake na sababu za kukimbia. Uongo ukigundulika unaweza kumharibia hata mwenye hoja nzito. Kama ameingia na silaha, anatakiwa kuisalimisha.

Lazima atii sheria za nchi kama mtu mwingine yeyote. Tanzania huwataka wakimbizi kukaa katika maeneo yaliyotengwa, kama kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na anayetaka kutoka anahitaji kibali. Kazi ya kuajiriwa nayo inahitaji kibali. Ni marufuku kuitumia ardhi ya Tanzania kupanga mashambulizi dhidi ya nchi aliyotoka. Aliyetenda uhalifu wa kivita au mauaji ya halaiki hana nafasi katika hifadhi hii.

Kazi ya mwananchi

Msimu wa kuchuma kahawa unapofika, mikono mingi huhitajika, na mgeni asiye na karatasi ni rahisi kumnyonya: alipwe chakula tu, au atishwe kwamba atashitakiwa akidai ujira. Huo ni unyonyaji, na ukifikia kumtumikisha kwa nguvu unaangukia Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Mwenye mtumbwi naye ajihadhari na madalali wanaomlipa usiku kuvusha watu wasiojulikana.

Kosa jingine ni kumfukuza mgeni arudi alikotoka, au kumpiga kwa kumdhania mhalifu. Kama una shaka naye, peleka shaka hiyo ofisini pamoja na mgeni mwenyewe. Usalama wa nchi unalindwa vizuri zaidi pale kila anayeingia anapoandikishwa kuliko pale wageni wanapojificha porini.

Tanzania ilijenga jina lake duniani kwa kuwapokea waliokimbia, na mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen kwa kazi hiyo. Jina hilo lilijengwa pia na wanakijiji wa mwambao huu waliotoa ardhi na chakula. Tuwaombe watendaji wa vijiji walieleze jambo hili kwenye mikutano mikuu ya vijiji, na walimu walifundishe shuleni. Wewe msomaji, mgeni akibisha hodi akisema anakimbia hatari, usimfiche wala usimfukuze. Mpeleke ofisi ya kijiji kabla siku 7 hazijaisha.